Uzi maalumu wa filamu za ndege: ipi ilikufanya uhisi uko angani kweli?

#1 Mleta uzi

Wakuu, naona filamu za ndege zinastahili uzi wake. Zikitajwa kwenye nyuzi za filamu za vita au za utekaji, zinapewa mistari miwili kisha watu wanarudi kwenye risasi. Hapa tuzungumzie urukaji wenyewe: ndege, marubani, waongoza ndege, na hali ya mtu aliye juu ambaye hana namna ya kumaliza safari isipokuwa kutua. Ukileta filamu usilete jina tupu, tuambie umeona nini ndani yake. Na natahadharisha mapema, nitagusa miisho ya baadhi ya filamu.

Kipimo changu ni kimoja: ndege ninayoiona kwenye skrini ina uzito? Ndege ya kweli haigeuki papo hapo. Rubani akivuta usukani, pua inanyanyuka kwanza, mwelekeo unafuata baadaye, na mwili wake ndio unaolipa. Kwenye kona ya uzito mara saba, mtu wa kilo 70 anagandamizwa kitini kama mwenye kilo 490. Mashavu yanashuka, shingo inakaza, maneno yanamtoka kwa kukatikakatika. Filamu nyingi za sasa zinachora ndege kwa kompyuta, zinageuka huku na huku kama nzi, kamera inapenya kati ya mabawa mahali ambapo hakuna mpiga picha angeweza kukaa, na mtazamaji anachoka bila kujua kinachomchosha.

Twende mwanzo kabisa. *Wings* ya 1927, filamu bubu, ndiyo iliyochukua tuzo kuu katika hafla ya kwanza ya Oscar mwaka 1929. Mwongozaji wake, William Wellman, alirusha ndege za kivita Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo alijua anachokitafuta. Akiwa Texas, huku ndege na askari wakimsubiri, alikataa kupiga picha siku ambazo anga haikuwa na mawingu. Studio ikamjia juu kwa sababu ya gharama. Yeye akashikilia msimamo kwamba bila mawingu mtazamaji hataona mwendo. Na ukiitazama leo unamwelewa. Anga tupu haina alama yoyote, hata ndege inayokwenda kasi huonekana imeganda. Weka mawingu nyuma yake, hapo hapo unaona inavyoyapita, unaona umbali uliopo kati ya ndege mbili, unaona na kina cha shimo lililo chini yao.

Jambo la pili la *Wings* ni nyuso. Waigizaji wakuu, Richard Arlen na Buddy Rogers, walipanda wenyewe. Arlen alikuwa na mafunzo ya urubani toka wakati wa vita, Rogers akafundishwa filamu ikiwa inatengenezwa. Kamera ilifungwa mbele ya kiti ikimtazama mwigizaji, naye akifika juu ndiye aliyeiwasha. Hakuna mwongozaji pembeni wala wa kumwambia rudia. Upepo unaoyatikisa mashavu yao ni upepo wa kweli.

Sasa ruka miaka 95. *Top Gun: Maverick* ya 2022, Joseph Kosinski anawaketisha waigizaji kwenye kiti cha nyuma cha ndege ya kivita ya F/A-18, mbele anarusha rubani wa jeshi la wanamaji. Kamera sita zimebanwa ndani ya chumba kile kidogo. Mwigizaji akifika juu anaziwasha mwenyewe, anajiangalia kama jua liko upande sawa, anasema maneno yake huku mwili umelemewa, kisha wanatua na kuangalia walichopata. Kikiwa kibovu wanapanda tena. Ni njia ile ile ya Wellman! Teknolojia yote ya karne nzima imepita katikati, na bado mtu aliyetaka picha ya kweli alirudi pale pale: mpandishe mwigizaji, mwachie kamera.

Hapa naomba tusipite haraka, kwa sababu njia hiyo imeua watu. *Hell's Angels* ya Howard Hughes, 1930, ilichukua maisha ya marubani watatu na fundi mmoja, na Hughes mwenyewe alianguka akirusha ndege kwa ajili ya tukio moja. *The Flight of the Phoenix* ya 1965, ile ya watu walioanguka jangwani wakaunda ndege mpya kutokana na mabaki ya ile iliyoanguka, ilimuua Paul Mantz, mmoja wa marubani wakubwa wa filamu wa Hollywood. Waliunda ndege inayoruka kweli kwa ajili ya filamu, na ikavunjika naye ikiwa inagusa mchanga. Filamu inaisha kwa maneno ya kumkumbuka. *Top Gun* ya kwanza, ya 1986, ilimpoteza Art Scholl, bingwa wa sarakasi za ndege. Alikuwa juu ya bahari pwani ya California mwaka 1985 akipiga picha za mzunguko wa ndege iliyopoteza mwelekeo, na ndege yake haikutoka kwenye mzunguko huo. Hawakumpata yeye wala ndege. Mimi siwezi kuitazama sehemu ile ya mzunguko bila kumfikiria. Kwa hiyo ninaposema napenda picha za kweli, sisemi mtu afe ili mimi nifurahi. Kamera ndogo za sasa na mafunzo waliyopewa waigizaji wa 2022 vimeonyesha kwamba inawezekana kupata ukweli ule kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Ukinibana nichague tukio moja tu la urukaji, nachukua lile la *Dunkirk*, 2017. Geji ya mafuta ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, imevunjwa na risasi. Rubani anamuuliza mwenzake kwa redio amebakiwa na galoni ngapi, anaandika jibu kwa chaki kwenye dashibodi, na kuanzia hapo kila uamuzi wake ni hesabu ya chaki ile: nirudi nyumbani, au nibaki juu ya watu walioko ufukweni? Uso wake umefunikwa na barakoa karibu filamu nzima, unayaona macho tu. Mafuta yanaisha. Pangaboi linasimama. Ndege inaelea juu ya ufukwe kimya kimya, na yeye anapampu mkono wa kushusha magurudumu, pampu, pampu, magurudumu yanakataa, huku mchanga unakaribia. Christopher Nolan alitumia Spitfire za kweli, na kwa picha za mwigizaji akiwa ndani alitumia Yak-52 yenye viti viwili iliyobadilishwa umbo ifanane nazo. Hakuna mlipuko wowote kwenye dakika zile, na ndizo zinazonikaza vidole kuliko vita vyote vya angani nilivyowahi kuona.

Nyingine nazitaja haraka ili niwaachie nafasi. *The Right Stuff*, 1983, kwa ajili ya rubani Chuck Yeager na siku ya tarehe 14 Oktoba 1947: mbavu zimevunjika kwa kuanguka na farasi, mkono haufiki kufunga mlango wa ndege yake ya majaribio, Bell X-1, rafiki yake anamkatia mpini wa ufagio wa kuusukumia, na kwa mpini ule anakwenda kuvunja mwendo wa sauti. Mambo hayo yalitokea kweli, na Yeager mwenyewe ameonekana kwenye filamu kama mhudumu wa baa. *The Blue Max*, 1966, kwa ajili ya Derek Piggott aliyepita na ndege chini ya daraja la reli huko Ireland, akarudia tena na tena mpaka kamera zikaridhika. *Battle of Britain*, 1969, kwa kuwa walikusanya ndege za kweli nyingi kiasi kwamba anga inajaa.

Karibuni.

#2

Mkuu, umeandika vizuri ila *Top Gun* ya 1986 umeipitia kwenye msiba tu. Ile filamu ndiyo iliyotufanya wengi tujue F-14 ni nini. Yale mabawa yanayojikunja kurudi nyuma kadiri kasi inavyopanda, jua la jioni kwenye sitaha ya manowari, mvuke unatambaa chini ya miguu ya wale wanaotoa ishara za kuondoka. Dakika za mwanzo hazina hata neno la stelingi, ni kazi tupu, na unabaki umekodoa macho. Kosa lake ni adui. Hakuna ndege inayoitwa MiG-28 duniani. Zile ni F-5 za Marekani zilizopakwa rangi nyeusi. Lakini zinaruka kweli, kwa hiyo kwa kipimo chako zinapita.

#3

Mimi niko upande wa ndege za abiria. *Sully* ya 2016 na *Flight* ya 2012, hizo mbili nimezirudia sana. Denzel anageuza ndege juu chini ili asianguke, hapo nilisimama kabisa. Hivi ni kitu kinachowezekana?

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, ile ya *Flight* imechukua mbegu yake kwenye ajali ya kweli na ya kuumiza, Alaska Airlines safari ya 261, tarehe 31 Januari 2000. Parafujo kubwa inayoongoza bawa dogo la mkiani iliharibika, pua ikalazimishwa kuelekea chini, na marubani walijaribu kuirusha ikiwa imepinduka. Wote 88 walifariki. Filamu imechukua dakika zile ikawapa watu mwisho tofauti, kisha ikageukia ulevi wa rubani, na mimi naona sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Denzel anaigiza mtu ambaye ustadi wake umekuwa kinga ya uongo wake.

*Sully* nayo ina mambo mawili tofauti. Dakika za ndege yenyewe ni bora sana. Ndege wakubwa wanaingia kwenye injini, zote mbili zinazima, na kuanzia hapo hadi majini ni sekunde 208. Clint Eastwood hakuzivuta ziwe dakika kumi. Wahudumu wa ndege wanaanza kuwaamuru abiria wainamishe vichwa, kwa sauti moja, maneno yale yale, bila kusita, na ile amri inayojirudia inatisha kuliko muziki wowote. Watu wote 155 walipona, Januari 2009, mtoni Hudson, New York.

Ila jinsi walivyoonyeshwa wachunguzi, hapo sikubaliani nao. Filamu inawafanya wawe watu waliokuja na hukumu mkononi. Wachunguzi wenyewe walilalamika baada ya kuiona. Jaribio la mashine ya mazoezi, la kuona kama ndege ingeweza kurudi uwanjani, lilifanyika kweli, na lilipoongezewa sekunde 35 za rubani kutambua na kufikiri, ndege haikufika uwanjani. Yaani uchunguzi huo huo ndio uliothibitisha uamuzi wa kutua mtoni. Hadithi hiyo ingetosha bila kumtafuta adui.

#5

Swali langu dogo. Kwenye filamu za kuteka ndege kila mara kuna mtu anafungua mlango wakiwa juu kabisa na watu wanafyonzwa nje mmoja mmoja. Na risasi moja dirishani inatosha kuvuta siti nzima. Je, ni kweli?

#6

Nafanya kazi ya matengenezo ya ndege, nijibu hili. Mlango huo hafungui mtu. Ndege ikiwa kwenye mita 10,000 au 11,000, hewa ya ndani ina mgandamizo mkubwa kuliko ya nje, na tofauti hiyo inasukuma mlango kwa zaidi ya tani tano kwa kila mita moja ya mraba. Milango mingi imeundwa kama kizibo, lazima iingie ndani kidogo kwanza ndipo itoke. Hata wanaume kumi washike mpini, hautasogea. Karibu na ardhi ni habari nyingine. Mei 2023 abiria mmoja alifungua mlango wa Airbus A321 huko Korea Kusini, ndege ikiwa kama mita 200 juu inakwenda kutua. Pale tofauti ya hewa imebaki kidogo sana. Ndege ikatua salama mlango ukiwa wazi.

Tundu la risasi halivuti siti. Hewa ya ndani muda wote inatolewa nje kwa utaratibu na nyingine inaingizwa, tundu dogo ni uvujaji tu. Dirisha zima likiondoka, hapo ni hatari ya kweli.

Na mimi niongeze kero yangu: ule mlio wa ndege inayoanguka, unaopanda mpaka unatoboa masikio. Ni king'ora kilichofungwa kwenye Stuka, ndege za mabomu za Ujerumani za Vita vya Pili vya Dunia, ili kuwatisha watu wa chini. Ndege nyingine hazina. Kwenye *Dunkirk* kiko mahali pake. Ila leo hata ndege ya abiria ikizima injini, kwenye filamu inalia kama Stuka.

#7

Mleta uzi, kipimo chako kina shida moja, na jina lake ni Hayao Miyazaki, mwongozaji wa filamu za katuni wa Japani. Kila kitu kwake kimechorwa kwa mkono na ndege zake zina uzito kuliko nyingi zilizopigwa picha. Tazama *Porco Rosso* ya 1992: ile ndege nyekundu ya majini inavyopaa kwenye mfereji mwembamba, maji yanavyoishikilia tumboni, haitaki kuachana nayo, kisha inaachiwa. Tazama *The Wind Rises* ya 2013, kuhusu Jiro Horikoshi, mhandisi aliyebuni Zero, ndege ya kivita ya Japani. Anakula samaki, anaukodolea mfupa kwa sababu ya mkunjo wake, kichwani tayari ni bawa. Na milio ya injini kwenye filamu ile imetolewa kwa midomo ya watu. Sauti ya binadamu inanguruma, inakohoa, inawaka. Ukishajua hilo, isikilize upya kwa spika nzuri.

Inauma pia, maana mtu yule anaota kitu kizuri na kitu hicho kinakwenda vitani. Familia ya Miyazaki yenyewe ilikuwa na kiwanda kilichotengeneza vipuri vya ndege hizo. Hachori jambo la mbali.

#8 Mleta uzi

Nakubaliana nawe, mkuu. Kipimo changu kinahusu uzito, na Miyazaki anaujua uzito. Anaacha bawa lipinde kidogo kabla ndege haijanyanyuka, anaacha upepo uifikie nyasi kwanza ndipo uifikie ndege. Mtu akishajua hewa inavyofanya kazi, penseli inamtosha. Tatizo la kompyuta si kompyuta, ni mtu aliyeikalia bila kuijua hewa.

#9

Naongeza ya kutoka India, *Neerja*, 2016. Ndege ndani yake hairuki muda mrefu, imekaa chini uwanjani Karachi, lakini ni filamu ya kazi ya angani kama zilivyo hizo nyingine. Tarehe 5 Septemba 1986, watekaji wanapanda Pan Am 73. Neerja Bhanot, mkuu wa wahudumu, anawahi kuwapa marubani ishara, nao wanatoka kwa tundu la juu. Watu wengine huwalaumu, lakini ndiyo taratibu: bila rubani ndege haiondoki. Baada ya hapo ndege nzima imebaki mikononi mwa msichana wa miaka 22. Anakusanya pasipoti na wenzake, za Wamarekani wanazificha chini ya viti. Mwisho anafungua mlango wa dharura, anatoa watu, na anauawa akiwakinga watoto. Sonam Kapoor sijamwona akiigiza vizuri hivyo kwingine. Tunawaona wahudumu wa ndege kama watu wa kugawa vinywaji, filamu ile inakuonyesha wamefundishwa nini hasa.

#10 Mleta uzi

Asante kwa *Neerja*. Umenikumbusha watu wengine wanaosahaulika, waongoza ndege, na filamu yao kubwa kwangu ni *United 93* ya Paul Greengrass, 2006. Ben Sliney, aliyekuwa ameanza siku ile ile ya Septemba 11, 2001 kazi ya kusimamia shughuli zote za anga ya Marekani, ndiye aliyeamuru ndege zote zitue, na kwenye filamu anaigiza nafasi yake mwenyewe. Waongoza ndege na wanajeshi kadhaa nao wanajiigiza. Ndiyo maana vyumba vile vya rada havina maigizo. Mtu anatazama alama ya ndege kwenye skrini, inapotea, anaita, anaita tena. Hakuna anayepiga kelele. Ni filamu ya kutazama mara moja, na uitazame mchana.

#11

Wakuu, nina mdogo wangu ambaye anaogopa kupanda ndege ila anataka kuzijua filamu hizi. Aanzie wapi?

#12 Mleta uzi

Mkuu, aanze na *Porco Rosso*, haina cha kumtisha. Kisha *Airplane!* ya 1980, acheke kidogo. Mkipenda, itanguliwe na *Zero Hour!* ya 1957, maana ile ya vichekesho imechukua hadithi nzima ya ile ya zamani, hata chakula kilichowaharibu marubani matumbo. Akishazoea, *The Spirit of St. Louis* ya 1957: James Stewart, ambaye mwenyewe aliongoza ndege za mabomu vitani, anaigiza safari ya rubani Charles Lindbergh ya saa 33 na nusu kutoka New York hadi Paris, ndani ya ndege isiyo na kioo cha mbele kwa sababu tangi la mafuta limekaa hapo. Ni filamu ya mtu mmoja anayepigana na usingizi, na inapendeza sana.

*Flight* na *United 93* msimwonyeshe mpaka awe amesafiri mara kadhaa. *Sully* ndiyo naacha kwenu. Kuna waoga wanaotulia wakiona jinsi rubani, msaidizi wake na wahudumu walivyojua la kufanya ndani ya sekunde 208, na kuna ambao watakumbuka injini zilizozima tu. Wewe unamjua mdogo wako.

Mwenye filamu ya helikopta iliyotengenezwa vizuri alete, hapo sisi wote bado tuko maskini.